Fundi wa wito, kampuni ya mkataba au dawati la mbali: nani atunze mifumo ya biashara yako?

Biashara nyingi za ukubwa wa kati hufikia hatua ambapo kijana wa IT aliyekuwa akiitwa kwa simu hatoshi tena, lakini kuajiri kitengo kizima cha TEHAMA bado ni mzigo usiobebeka. Ofisini kuna kompyuta 15 au 40, mashine ya EFD (ya kutoa risiti za kodi) moja au mbili kaunta, programu ya uhasibu ambayo ikigoma mhasibu hana la kufanya, ruta, printa zinazogombaniwa, na barua pepe ambazo wateja hutumia kuleta oda na kupokea ankara. Mwenye biashara anajua kwamba anahitaji mtu wa nje wa kuvitunza vitu hivi, na mezani kwake kuna karatasi tatu za bei zisizofanana hata kidogo. Moja inatoza kwa kila wito, nyingine inataka ada ya mwezi, na ya tatu inahesabu kwa kila mfanyakazi na kuahidi huduma usiku na mchana.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu huyo. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na mikoa ya Tanzania, ingawa mwenye biashara wa Mombasa au Kampala atayatambua mengi yanayosemwa hapa. Ni haki nieleze msimamo wangu mapema. Kwa maoni yangu, bei na ustadi wa kutengeneza kompyuta si mahali pa kuanzia. Anza na maswali mawili: biashara yako inaweza kusimama kwa saa ngapi kabla hasara haijaizidi ada unayotaka kuikwepa, na siku mkiachana na mtoa huduma, funguo za mifumo zitabaki mikononi mwa nani? Mtu aliyekwisha kuyajibu maswali hayo kwa dhati huwa amekaribia kuchagua.

Vigezo vinne

Kigezo cha kwanza ni muda. Mtoa huduma anapoandika kwamba ataitikia ndani ya dakika 30, anachoahidi ni kwamba baada ya dakika 30 kutakuwa na mtu aliyeipokea taarifa yako na kuifungulia tiketi, yaani kumbukumbu ya tatizo lenye namba yake. Hajaahidi kwamba kaunta itakuwa inauza. Muda wa kuitikia na muda wa kutatua ni ahadi mbili tofauti, na zote mbili zinapaswa kuandikwa, pamoja na saa zinazohesabika. Je, Jumamosi mchana imo? Sikukuu ya Idd je?

Ili kujua ni ahadi ipi inayokutosha, piga hesabu ya saa moja ya kusimama. Tuseme duka la jumla la vifaa vya umeme pale Kariakoo linauza kwa wastani wa shilingi milioni 5 katika siku ya saa 10. Kila saa ambayo kaunta haitoi risiti, mauzo ya shilingi 500,000 yamo hatarini. Si yote yatakayopotea, kwa kuwa mteja wa kudumu atasubiri au atarudi kesho, lakini mpita njia atavuka kwenda duka la pili. Ofisi ya uhasibu ina hesabu nyingine kabisa. Inaweza kuvumilia nusu siku bila mtandao tarehe 11 ya mwezi, ila haiwezi kuvumilia hata saa mbili tarehe 20, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT ya mwezi uliotangulia.

Kigezo cha pili ni gharama kamili, ambayo ni kubwa kuliko tarakimu iliyokolezwa wino kwenye karatasi ya bei. Ongeza nauli, vipuri, leseni za programu na kazi zitakazoitwa za mradi. Ongeza VAT ya asilimia 18 kama mtoa huduma amesajiliwa. Kumbuka pia kodi ya zuio, inayokatwa na mlipaji kwenye ada za huduma, ambayo ni asilimia 5 kwa mtoa huduma mkaazi na asilimia 15 kwa asiye mkaazi. Kampuni ya nje ya nchi mara nyingi hutaka ipokee ada yake nzima bila kukatwa, na hapo ile asilimia 15 inageuka kuwa mzigo wako.

Kigezo cha tatu ni upana wa ujuzi. Kutunza mifumo ya ofisi si kazi moja: nyaya na swichi zina mtaalamu wake, na vivyo hivyo barua pepe, seva ya programu ya uhasibu, kamera na usalama wa mtandao. Ni nadra mtu mmoja kuzimudu zote kwa kiwango kimoja, na hata anayezimudu huugua, husafiri kwenda kuzika, au hupata ajira.

Kigezo cha nne, ninachokipa uzito kuliko vyote, ni funguo. Kwa neno hilo ninakusanya nywila za msimamizi mkuu wa barua pepe, akaunti iliyotumika kusajili kikoa (anwani ya mtandaoni) cha kampuni, nywila za ruta na seva, mahali zinapohifadhiwa nakala rudufu (nakala za akiba za mafaili) na namna ya kuzifungua, pamoja na funguo za kurejesha diski zilizosimbwa, yaani zilizofungwa kwa msimbo. Tazama jinsi kikoa kinavyopotea. Siku kampuni inapoanzishwa, fundi anasajili anwani ya .co.tz kwa barua pepe yake binafsi na namba yake ya simu, kwa nia njema kabisa, kwa sababu mwenye biashara ana haraka na hataki kusumbuliwa na fomu. Miaka inapita, fundi amehamia mji mwingine na namba amebadilisha, taarifa ya kulipia kikoa inatumwa kwenye sanduku ambalo halifungui tena, na asubuhi moja barua pepe za kampuni nzima zinaacha kuingia. Hakuna aliyeiba chochote. Hata hivyo, kuthibitisha kwamba anwani ni yako kutahitaji barua, nakala za usajili wa kampuni na mihuri, wakati oda za wateja zinarudi zilikotoka.

Funguo zina upande wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa binafsi wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu 2019. Mtoa huduma anayeweza kuifungua seva yako anaweza kuona mishahara ya wafanyakazi, namba za simu za wateja, na ikiwa una zahanati, majibu ya vipimo vya wagonjwa. Kumkabidhi kazi hakukuondolei wajibu wa kuzilinda taarifa hizo, kwa hiyo lazima ujue nani ameshika nini.

Njia ya kwanza: fundi wa kujitegemea anayelipwa kwa wito

Huyu ni mtu mmoja, mara nyingi mwenye vyeti na uzoefu wa miaka, anayehudumia ofisi kadhaa na kulipwa kila anapoitwa, wakati mwingine kwa M-Pesa mara tu printa inapoanza kuchapa.

Muda. Akiwa karibu na hana kazi nyingine, hakuna njia inayoishinda hii kwa kasi. Anapanda bodaboda, anafika, anajua kwamba kabati la mtandao liko nyuma ya stoo na kwamba swichi hukosa umeme kila mtu anapochomoa nyaya ili kuchaji simu. Ujuzi huo wa mahali penyewe hauandikwi kwenye mkataba wowote. Udhaifu ni kwamba hakuna ahadi. Umeme ukirudi kwa nguvu kubwa na kuunguza vifaa vya mtaa mzima, wateja wake wote watampigia asubuhi ileile, na wewe utakuwa kwenye foleni usiyoiona.

Gharama. Mwezi usio na tatizo hulipi kitu, na kwa biashara changa hilo ni jambo kubwa. Upande wa pili ni kwamba kinga haina bajeti. Hakuna anayemlipa fundi aje kuangalia kama nakala rudufu ya jana usiku ilikamilika, au kama betri ya UPS (kifaa cha umeme wa akiba) bado inashika chaji. Simlaumu hata kidogo, kwa kuwa anafanya kile anacholipwa kufanya. Ila ukichagua njia hii, tenga fedha za ziara ya ukaguzi angalau kila robo mwaka, na umlipe kwa ukaguzi huo hata kama hajakuta ubovu.

Ujuzi. Kwa vifaa, printa, nyaya na kusanikisha programu, mafundi wengi wa kujitegemea ni hodari sana. Wanapopungukiwa mara nyingi ni kwenye usalama na mipango ya muda mrefu. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi inayosubiri kitu kiharibike ndipo iite mtu, huenda haijapata hata mmoja wa kuihesabia ni kompyuta ngapi bado zinatumia mfumo huo, kwa sababu zinawaka kama kawaida na hakuna sababu ya kupiga simu.

Funguo. Kwa kawaida ziko kichwani mwake au kwenye simu yake. Hii ni hatari kubwa, lakini pia ndiyo rahisi kuliko zote kuitibu, maana unashughulika na mtu mmoja anayekufahamu. Mketishe kwa saa moja, aziandike zote, mzijaribu mojamoja pamoja naye akiwepo, kisha karatasi iingie kwenye bahasha na bahasha iingie kwenye sefu. Hamisha kikoa kwenye barua pepe ya kampuni siku hiyohiyo.

Inamfaa mwenye kompyuta zisizozidi kumi hivi, asiye na seva yake mwenyewe, na ambaye kusimama kwa siku moja kutamkera bila kumwangusha.

Njia ya pili: kampuni ya mjini kwenu, kwa mkataba wa mwezi

Hapa unashughulika na ofisi yenye watu wachache, labda watano hadi ishirini, wanaohudumia wateja wa mji wao kwa ada ya mwezi inayojumuisha ziara za kawaida, msaada wa simu, kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali inapowezekana, na kuzitazama nakala rudufu.

Muda. Ahadi huandikwa, na mikono ipo karibu. Umuhimu wa mikono ulionekana wazi tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye hitilafu la CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani kwa makadirio ya Microsoft. Kompyuta hizo zilikuwa zinazimika kabla hazijawaka kikamilifu, kwa hiyo nyingi hazikuweza kufikiwa kutoka mbali, na ilibidi mtu akae mbele ya kila mashine. Wenye diski zilizosimbwa walihitaji pia funguo za kurejesha, na ambao hawakujua zimehifadhiwa wapi walichelewa zaidi.

Ukaribu wenyewe nao upimwe kwa uhalisia. Kampuni iliyoko Mikocheni na ghala lako lililoko Mbagala ziko katika jiji moja, lakini saa 11 jioni foleni inaweza kumeza saa mbili. Ukiwa na tawi Mwanza au Mtwara, uliza ni nani hasa atakayefika pale. Baadhi ya kampuni humtumia fundi wa mkoani kama wakala wao, na hilo halina ubaya wowote iwapo ametajwa kwenye mkataba na nywila anazopewa zinajulikana.

Gharama. Ada inatabirika, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa anayepanga bajeti ya mwaka. Hata hivyo, isome sehemu inayoeleza yasiyojumuishwa kwa makini kuliko ile inayoeleza yaliyojumuishwa. Kuhamia ofisi mpya, kufunga kamera, kuhamisha barua pepe, kazi za Jumapili: mambo haya kwa kawaida hutozwa pembeni. Kampuni nyingi za namna hii huuza vifaa pia, na si vibaya, lakini anayekuambia kwamba ruta imechoka akiwa ndiye muuzaji wa ruta mpya anakuweka pagumu. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba ushauri wa kununua utaandikwa pamoja na sababu zake, na kwamba una hiari ya kununua kwingine.

Ujuzi. Mmoja anajua mtandao, mwingine seva, mwingine barua pepe, na mmoja akiugua kazi haisimami. Tatizo ni kwamba vijana wao wazuri huchukuliwa na mabenki na kampuni za simu, na anayeondoka huondoka na alichokifahamu kuhusu ofisi yako. Dawa yake ni kumbukumbu. Iombe kampuni ikuonyeshe, kabla ya kusaini, namna inavyoandika taarifa za mteja mwingine, majina yakiwa yamefichwa. Ukiona mchoro wa mtandao, orodha ya vifaa yenye tarehe za kununuliwa, na historia ya matatizo yaliyotatuliwa, hiyo ni dalili njema. Wakikujibu kwamba kila kitu kiko kwenye simu ya msimamizi wao, umerudi kwenye njia ya kwanza ukiwa unalipa ada ya njia ya pili.

Funguo. Ziko kati na kati. Kampuni makini humpa kila fundi wake akaunti yake na kuifuta siku anapoondoka. Isiyo makini hutumia nywila moja ya msimamizi kwa wafanyakazi wote, na pengine kwa wateja wote. Uliza swali hili waziwazi na udai jibu la maandishi.

Inamfaa mwenye kompyuta kati ya kumi na sitini hivi, mwenye seva au programu ya uhasibu isiyovumilia kusimama, na mwenye vifaa vingi vinavyohitaji kuguswa kwa mkono.

Njia ya tatu: kampuni kubwa yenye dawati la mbali

Njia hii ni ya kampuni zenye dawati la huduma la saa 24, ziwe za Dar es Salaam kwenyewe, Nairobi, Dubai au India. Hutoza kwa kila mfanyakazi au kila kifaa, huweka programu ya uangalizi kwenye kila kompyuta, na hutatua sehemu kubwa ya matatizo bila kufika ofisini.

Muda. Kwa tatizo la programu saa nane usiku, hakuna wa kushindana nayo. Uangalizi wao huweza kuona diski inakaribia kujaa kabla wewe hujagundua. Ila usikubali asilimia bila kuitafsiri kuwa saa. Ahadi ya mfumo kupatikana kwa asilimia 99 inaruhusu zaidi ya saa 87 za kukatika kwa mwaka, yaani siku tatu na nusu na ushei, wakati asilimia 99.9 inaruhusu chini ya saa 9. Tena huduma yote inategemea intaneti yako. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazoleta intaneti ukanda huu, zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, mtandao ulisuasua Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu, na mtaalamu aliyeko nje hakuwa na njia ya uhakika ya kuingia kwenye kompyuta ya Dar es Salaam. Mwenye kuchagua njia hii anahitaji laini mbili za intaneti za watoa huduma wawili tofauti, na amhoji kila mmoja wao njia za baharini anazozitegemea.

Gharama. Kulipa kwa kila kichwa ni haki unapopunguza watu na ni kali unapoajiri. Ada nyingi huwa za dola, kwa hiyo shilingi ikishuka gharama inapanda bila huduma kuongezeka. Kodi ya zuio ya asilimia 15 kwa mtoa huduma asiye mkaazi, niliyoitaja hapo juu, iingizwe kwenye hesabu mapema.

Ujuzi. Ndio mpana kuliko wote, hasa kwa usalama, barua pepe na seva za mtandaoni. Lakini mtaalamu wa mbali aliyebobea katika Microsoft 365 (barua pepe na programu za ofisi za mtandaoni) anaweza kuwa hajawahi kuiona mashine ya EFD, na hajui kwa nini tarehe 20 watu wa hesabu wana hofu. Kuna jambo la lugha pia, ambalo wanunuzi wa huduma hulisahau kwa kuwa wao wenyewe wanazungumza Kiingereza vizuri. Mtunza stoo ndiye atakayepiga simu, na kama dawati halina mtu wa Kiswahili, ataanza kuvumilia tatizo badala ya kulieleza. Baada ya miezi mitatu ripoti itaonyesha tiketi chache, na uongozi utadhani mambo ni shwari.

Funguo. Taratibu zao kwa kawaida ndizo bora zaidi: uthibitisho wa hatua mbili, kumbukumbu za nani aliingia na lini, nywila zinazobadilishwa kwa ratiba. Hata hivyo, mlango mmoja unaofungua ofisi nyingi huvutia wezi wengi. Tarehe 2 Julai 2021 genge la REvil lilipenya kupitia programu ya Kaseya VSA, ambayo kampuni za huduma za IT hutumia kusimamia kompyuta za wateja wao, na kufunga mafaili kisha kudai fidia. Kaseya ilikadiria kwamba biashara kati ya 800 na 1,500 ziliathirika. Maduka ya Coop nchini Sweden yalifungwa kwa mamia kwa sababu mashine za malipo hazikufanya kazi, ilhali Coop yenyewe haikuwa mteja wa Kaseya moja kwa moja, bali iliathirika kupitia mtoa huduma wake. Usiisome habari hii kama sababu ya kuzikimbia kampuni kubwa. Ni sababu ya kudai kwamba walau nakala rudufu moja ikae mahali ambapo programu ya mtoa huduma haiwezi kuifikia.

Inamfaa mwenye matawi mengi au wafanyakazi wanaosafiri, mwenye mifumo iliyo mtandaoni zaidi kuliko chumbani, na mwenye wateja wa nje wanaodai ushahidi wa taratibu za usalama.

Kuhusu mseto

Biashara zinazokua mara nyingi huishia kuchanganya. Huajiri mtu mmoja wa ndani anayewajua watu na vifaa, kisha huingia mkataba na kampuni kwa kazi nzito. Mpango huu hufanya kazi vizuri ikiwa mipaka imeandikwa, kwa sababu bila maandishi kila upande utaamini kwamba nakala rudufu ni kazi ya mwenzake. Aliye ndani ndiye awe mtunza funguo, na kampuni ipewe akaunti ambazo yeye anaweza kuzifunga.

Majaribio kabla ya kusaini

Kwa njia yoyote utakayoelekea, kuna mambo machache ambayo karatasi ya bei haiwezi kukuonyesha. La kwanza na la muhimu kuliko yote ni kurejesha faili. Chagua faili moja la hesabu la mwezi uliopita, linakili pembeni kwa usalama, lifute, kisha mwombe mtoa huduma alirudishe wewe ukiwa umesimama karibu. Angalia anaanzia wapi, anamwomba nani nywila, na faili linalorudi ni la tarehe gani. Wengi hugundua kwa njia hii kwamba nakala zilikuwa zikiandikwa kwenye diski ya nje iliyojaa zamani, au kwamba zimo kwenye kompyuta ileile ambayo zilipaswa kuikinga. Kanuni ya kawaida ya kazi hii ni kuwa na nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, na moja ikae nje ya jengo.

Omba pia kuzungumza na fundi atakayekuja, maana anayekuja kuuza huduma kwa kawaida hatamwona tena mhasibu wako. Tafuta mteja wao wa sasa mwenye ukubwa kama wako, umuulize swali moja tu: mara ya mwisho mlipokwama, ilichukua muda gani na nani alifika? Kisha soma kifungu cha kuvunja mkataba. Notisi ya siku 30 hadi 90 ni ya kawaida, lakini muhimu zaidi ni makabidhiano. Mkataba useme kwamba nywila, michoro na nakala zote ni mali ya biashara yako, kwamba zitakabidhiwa ndani ya muda uliotajwa hata kama kuna mvutano wa malipo, na kwamba orodha ya funguo itasainiwa upya kila robo mwaka.

Uamuzi kwa hali yako

Kama una duka au ofisi moja yenye watu wasiozidi kumi na barua pepe za mtandaoni, baki na fundi wa wito unayemwamini, ila mpe ziara ya ukaguzi ya kila robo mwaka na uhamishe kikoa na akaunti kuu kwenye jina la kampuni. Fedha utakazookoa kwa kutokuwa na ada ya mwezi zitumie kwanza kwenye UPS na nakala rudufu.

Kama una kaunta zinazouza siku nzima, ghala, na seva chumbani, saa za kusimama ndizo zinazokuumiza, na mikono iliyo karibu ina thamani kuliko dawati la usiku. Kampuni ya mjini kwenu itakufaa zaidi. Bishana nayo kuhusu muda wa kutatua kuliko unavyobishana kuhusu ada.

Kama unasimamia zahanati, shule au taasisi ya mikopo midogo, uzito wa taarifa za watu unazidi uzito wa kasi. Kati ya njia ya pili na ya tatu, mchukue atakayekuonyesha kwa maandishi nani anaona nini, taarifa zinahifadhiwa nchi gani, na usajili wake kwa Tume ukoje. Fundi wa wito anaweza kuendelea kushughulikia printa na nyaya, bila kupewa akaunti ya msimamizi.

Kama kampuni yako ina watu Arusha, Zanzibar na Nairobi, na wote wanafanya kazi kwenye mifumo ya mtandaoni, dawati la mbali lina mantiki, mradi liwe na wasemaji wa Kiswahili na uwe umepata fundi wa kugusa vifaa kwa mkono katika kila mji. Zanzibar hasa haifai kuachwa itegemee fundi wa kuvuka kwa boti.

Na kama bado hujui saa moja ya kusimama inakugharimu kiasi gani, usisaini mkataba wa mwaka mzima kwa sasa. Omba mkataba wa miezi mitatu kwa njia iliyo karibu zaidi na hali yako, mkabidhi mtunza stoo daftari la kuandika kila hitilafu, saa iliyoanza na saa iliyokwisha, na uje na daftari hilo siku ya kujadili bei.